Choo Chako, Kisima cha Jirani: Matembezi Mtaani Matisi

MGENI anayefika Kitale kwa mara ya kwanza huwa na orodha yake tayari mfukoni. Atataka kuyaona Makumbusho ya Kitale, ambayo mizizi yake ni mkusanyiko ulioanzishwa na mlowezi mmoja, Kanali Hugh Stoneham, mwaka wa 1926. Atataka kwenda Saiwa, mbuga ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini Kenya, akamtafute nzohe, yule paa wa majini anayependa kujificha kwenye matete. Akiwa na nguvu za miguu atauliza njia ya Mlima Elgon. Na kabla ya kurudi kwao atanunua mahindi ya kuchoma kando ya barabara, kwa maana kutoka Trans Nzoia bila kutafuna hindi ni sawa na kutoka pwani bila kuonja nazi.

Leo, mpenzi msomaji, ninakuomba uiweke orodha hiyo kando kwa saa chache. Geuza uso upande wa magharibi, kule mlima uliko, tuelekee Matisi.

Hakuna tikiti ya kuingilia Matisi wala hakuna ubao wa kumkaribisha mtalii. Ni mtaa wa watu wa kawaida: makarani, walimu, mafundi, akina mama wauza mboga, vibarua wa mashambani na vijana wa bodaboda. Jina hilo ni la mtaa na pia ni la wadi, mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Saboti, pamoja na Tuwan, Kinyoro, Machewa na Saboti yenyewe. Ninakupeleka huko kwa sababu ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo moja ambalo miji yetu mingi imelikwepa kwa muda mrefu, nalo ni hili: ni nani hasa anayejua ugonjwa wa mtaa umeanzia wapi, na kwa nini mtu huyo huwa ndiye wa mwisho kuulizwa?

Kwanza tuujue mji. Kitale imekaa juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake hutaka sweta. Reli ilifika hapa mwaka wa 1926, na kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilizaliwa hapa mwaka wa 1956. Kwa miaka mingi jina la Kitale lilipotajwa, mtu aliona magunia ya mahindi tu. Lakini mahindi hayaji peke yake. Huja na watu. Hesabu ya mwaka wa 2009 ilipata watu 818,757 katika Trans Nzoia. Ile ya mwaka wa 2019 ikapata 990,341. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu 170,000 katika miaka kumi, na si wote waliokwenda kulima. Wengi wamepanga vyumba mjini na kandokando ya mji, katika mitaa kama hii tunayoielekea.

Ukitaka kuijua Matisi vizuri, nenda siku ya mvua. Najua ushauri huu si wa kawaida kwenye kurasa za safari. Lakini Kitale hupata zaidi ya milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na mvua hizo hazina haraka ya kuondoka. Zikianza mwezi wa Machi au Aprili huweza kuendelea hadi Oktoba. Mtaa unaouona wakati wa kiangazi ni nusu tu ya mtaa. Nusu ya pili hujitokeza udongo mwekundu unapogeuka uji, mitaro inapofurika, na maji yanapokwenda yanakotaka.

Vaa gambuti. Panda bodaboda kutoka katikati ya mji, na ukishafika mwambie kijana akushushe barabarani ili uingie vichochoroni kwa miguu, maana humo ndimo kwenye habari.

Utaona nyumba za matofali na nyumba za udongo zimekaa bega kwa bega. Utaona vyumba vya kupangisha vilivyojipanga kwa mstari kama mabehewa ya gari la moshi, kila mlango na pazia lake, kila kizingiti na ndoo yake. Palipobaki nafasi, hata iwe ya kitanda kimoja, pana sukuma wiki au mahindi mawili matatu. Na ukienda mwisho wa vyumba, nyuma kabisa, utakuta vitu viwili ambavyo ndivyo sababu ya safari yetu: choo cha shimo na kisima.

Sasa tupime. Usione haya, hesabu hatua zako.

Wataalamu wa afya hushauri choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na sakafu ya shimo lake iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji yaliyoko chini ya ardhi. Hata hizo mita 30 si kinga kamili, kwa kuwa udongo hutofautiana, na maji ya chini hupanda wakati wa mvua. Chukua basi ile ploti ambayo kila Mkenya anaijua, ya futi 50 kwa futi 100. Futi 100 ni kama mita 30. Maana yake ni kwamba hata mwenye ploti akiweka kisima chake kwenye ua wa mbele na choo chake kwenye ua wa nyuma, atakuwa ameufikia ushauri huo kwa shida sana. Na hapo bado hujamhesabu jirani! Upana wa ploti ni futi 50, yaani mita 15 tu. Jirani wa kushoto ana choo, jirani wa kulia ana kisima, na yule wa nyuma ameegemeza choo chake kwenye ua uleule ulioegemeza chako. Ploti ikigawanywa mara mbili kwa ajili ya watoto au kwa kuuzwa, hesabu inazidi kuwa mbaya.

Simama hapo uitafakari hesabu hiyo. Mwenye nyumba anaweza kuwa mtu mwema, mwenye pesa na nia safi, na bado asiweze kuyaokoa maji ya kisima chake, kwa kuwa choo kinachoyachafua si chake. Bwana afya naye anaweza kuja na kitabu chake, akaisoma Sheria ya Afya ya Umma, akaandika notisi. Mwenye nyumba ataogopa, atafukia shimo la zamani na kuchimba jipya hatua chache kando. Notisi imetekelezwa, faili limefungwa. Lakini shimo jipya sasa limekaribia kisima cha mtu mwingine. Vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo havisomi hati za kumiliki ardhi.

Ndiyo maana nasema tatizo hili haliwezi kutatuliwa ploti kwa ploti. Linahitaji watu wa kichochoro kizima waketi mahali pamoja, wakubaliane ni visima gani vifungwe au vitumike kwa kufulia tu, ni vyoo gani vihame, maji ya mvua yapitie wapi, na nani atachangia nini. Hakuna mhandisi awezaye kuwakubalisha kwa kuchora mstari kwenye karatasi ofisini.

RAMANI ILIYO VICHWANI

Ofisi za mji zina ramani, nasi tunaziheshimu. Zinaonyesha barabara, mipaka ya ploti na bomba kubwa la maji. Lakini jaribu kuwafikiria watu wa mtaa kama huu na mambo wanayoyajua.

Mama anayefua nguo za watu kwa malipo anajua ni kisima gani maji yake hubadilika rangi siku mbili baada ya mvua kubwa. Fundi wa kuchimba visima anajua amekutana na maji kwa kina gani katika kila ua aliochimba, na ni wapi alipokutana na harufu akanyamaza ili asipoteze malipo. Vijana wanaokodiwa usiku kutapisha vyoo vilivyojaa wanajua kinyesi hicho hupelekwa wapi kabla ya kupambazuka. Watoto wanajua ni choo gani kina ubao uliooza, ambacho wao hawaingii hata wakitishwa kiboko, na wanajua wanakwenda wapi badala yake. Wazee wanajua kijito kilipita wapi kabla ya nyumba kujengwa juu yake. Mwanamke anayerudi nyumbani saa tatu usiku anajua ni choo kipi cha pamoja ambacho hatakithubutu gizani, hata kiwe kimejengwa vizuri namna gani.

Hakuna faili lenye mambo haya yote. Yamo vichwani mwa watu, kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, na hayakutani mpaka watu wenyewe wakutanishwe.

Njia ya kuyakutanisha si ghali. Imetumiwa katika nchi nyingi na watu wasiojua kusoma na kuandika, na tena huchangamsha. Wenyeji hutembea mtaani pamoja na maofisa wa afya, kutoka sehemu ya juu hadi bondeni, wakisimama kila panapohitaji kusimamwa. Kisha huchora mtaa wao chini kwenye udongo. Majivu huwa njia. Kwa Kitale tungesema magunzi ya mahindi yawe vyoo, maana hayo hayapungui, na vizibo vya soda viwe visima. Kila mtu huweka gunzi lake mwenyewe mahali choo chake kilipo. Ubishi huanza hapohapo: choo chako hakipo hapo, sogeza. Atakayedanganya atasahihishwa na jirani yake mbele ya watu. Na magunzi yanapoanza kuvizunguka vizibo vya soda, wenye macho huona wenyewe kile ambacho hotuba kumi za usafi zisingewaonyesha.

Kuna pia kipimo rahisi cha chupa. Unatia maji ya kisima ndani ya chupa yenye dawa maalumu na kuiacha mahali penye joto kwa siku moja au mbili. Yakigeuka meusi, ni dalili kwamba huenda yana uchafu wa kinyesi. Si kipimo cha maabara wala hakichukui nafasi yake, lakini mama akiishika chupa nyeusi mkononi, iliyotoka kwenye kisima anachokijua, hana haja ya kusimuliwa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu maskini, na kwamba mji ulioendelea huwaachia wataalamu kazi zao. Tuutazame basi mji wa London mwaka wa 1854. Kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho na kuua zaidi ya watu 600 katika muda wa majuma machache. Daktari John Snow alishuku pampu moja ya maji iliyokuwa barabara ya Broad Street, na mpini wake ukaondolewa tarehe 8 Septemba. Kisa hicho husimuliwa vyuoni kote duniani. Kisichosimuliwa sana ni kwamba daktari alikosa kiungo kimoja: uchafu uliingiaje kisimani? Jibu lilipatikana kwa kasisi kijana wa mtaa uleule, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakuiamini nadharia ya daktari. Yeye alizijua familia kwa majina. Alikwenda mlango hadi mlango, akarudi tena na tena, mpaka akagundua kwamba katika nyumba nambari 40, iliyokuwa mbele ya pampu, palikuwa na mtoto mchanga aliyeugua kuhara mapema kabla ya wengine, na kwamba mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nepi katika karo la nyumba hiyo. Karo lilipofukuliwa, kuta zake zilikuwa zimeoza, na kisima kilikuwa umbali wa chini ya mita moja. Utaalamu ulitoka kwa daktari, lakini mlango wa nyumba nambari 40 ulifunguliwa na mtu wa mtaa.

MJI ULIOWAHI KUJARIBU

Kitale si mgeni kwa wazo hili, na nashangaa kwamba hata baadhi ya wenyeji wa mji hawaijui historia hiyo. Kuanzia mwaka wa 2001, shirika la ITDG, ambalo tangu mwaka wa 2005 linaitwa Practical Action, lilishirikiana na Baraza la Manispaa ya Kitale kupanga mji pamoja na wakazi wa mitaa ya kipato cha chini, kwa msaada wa fedha za Uingereza. Walianza na vitongoji vya Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa. Badala ya wataalamu kuja na michoro iliyokamilika, wakazi waliulizwa kwanza ni nini kinachowaumiza zaidi, nao wakapanga vipaumbele vyao. Maji safi na vyoo vilijitokeza, na kazi zilizofuata zilitokana na mazungumzo hayo. Uzoefu huo uliandikwa kuwa mwongozo wa kupanga miji kwa kuwashirikisha wakazi, na kwa njia hiyo jina la Kitale likasomwa na wapangaji miji wa nchi nyingine. Baadaye shirika hilohilo liliendesha mradi mwingine katika miji ya Kitale na Kisumu, ambao shabaha yake ilikuwa kuigeuza mipango ya wakazi kuwa vitendo.

Halafu likaja jambo ambalo hakuna kamati ya mtaa ingeweza kulizuia. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mabaraza yote ya manispaa nchini yalikoma, na serikali za kaunti zikachukua mahali pao. Hebu fikiri: umekaa miaka kadhaa ukijenga mazoea na ofisi fulani, unajua ni dirisha gani ubishe na ni karani gani huokota simu, kisha siku moja ofisi yenyewe haipo. Mimi naona hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa miradi ya kushirikisha watu. Ushirikiano ukiwa ni wa mradi, hufa pamoja na mradi. Ukiwa umefungamanishwa na ofisi moja, huhama ofisi inapohama. Unapaswa kukaa mahali pasipohama, na kwa kweli mahali hapo ni pamoja tu, kwenye kichochoro chenyewe.

Usidhani, msomaji, kwamba maji ya bomba yatamaliza hoja hii yote. Kampuni ya Maji ya Nzoia iliundwa kuhudumia miji ya Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili, na kila mtu hufurahi bomba linapofika mlangoni. Lakini siku bomba linapokauka, ndoo hurudi kisimani. Tena chochote tunachokimwaga Kitale hakiishii Kitale. Vijito vya hapa huingia mto Nzoia, nao hushuka Webuye kwenye maporomoko ya Nabuyole katika Kaunti ya Bungoma, ukaendelea hadi Budalang'i na kuingia Ziwa Viktoria. Mtu wa Matisi ana majirani wengi kuliko anavyofikiri.

Kuhusu kile kinachotokea baada ya maji kutoka kisimani, twende kidogo jirani, Busia. Huko watafiti walifuatilia chemchemi zilizojengewa kinga ya zege na bomba la kutolea maji, wakachapisha matokeo mwaka wa 2011. Uchafu kwenye chemchemi zenyewe ulipungua kwa asilimia 66. Lakini kwenye mitungi ya nyumbani uchafu ulipungua kwa asilimia 24 tu, kwa sababu maji huchafuka tena njiani na majumbani. Hata hivyo, kuhara kwa watoto kulipungua kwa kiasi cha robo, na hiyo si habari ndogo kwa mzazi yeyote. Baadaye zikaja chupa kubwa za klorini zilizofungwa palepale panapochotwa maji, ili mtu atie dawa kabla ya kuondoka. Jambo lililozipa uhai ni kwamba kila mahali watumiaji wenyewe walimchagua mwenzao wa kuzitunza na kuwakumbusha wengine. Dawa ilekwa ilikuwa madukani tangu zamani, na wachache sana waliinunua.

Mfano mwingine ni wa Nairobi. Mwezi wa Agosti 2017 mitaa ya Mukuru, yenye kaya zaidi ya 100,000, ilitangazwa kuwa eneo maalumu la mipango. Utawasikilizaje watu wengi hivyo? Wenyeji, wakiwa na shirikisho la Muungano wa Wanavijiji, walianza na makundi ya kaya kumi kumi. Kila kumi walitoa msemaji, wasemaji wakakutana, na hivyo neno la mtu wa mwisho kichochoroni likapata ngazi ya kupandia. Hata Dar es Salaam, katika mtaa wa Hanna Nassif uliofurika kila mvua ziliponyesha, wakazi katika miaka ya tisini walishika sururu wenyewe na kujenga mitaro.

SODA NA FULANA

Nisije nikakuchorea picha ya peponi. Nchini mwetu kuna mikutano ya kushirikisha wananchi ambayo ni mchezo wa kuigiza. Wananchi huitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati kibarua yuko shambani na mama yuko sokoni. Mpango umekwisha kuamuliwa, michoro imekwisha kulipiwa. Wazee hutia sahihi karatasi ya mahudhurio, soda hunywewa, fulana hugawanywa, na jioni ripoti huandikwa kwamba umma umeshirikishwa kikamilifu. Huo ni ushuhuda wa kupiga makofi.

Ukitaka kujua kama mkutano ni wa kweli, uliza maswali mawili tu. La kwanza: je, kuna jambo lolote ambalo wananchi wakilikataa leo, litabadilika? La pili: je, kiasi cha pesa kimetajwa? Mtu hawezi kupanga bila kujua kilichomo kwenye mkoba. Ukimwambia achague kati ya mtaro na choo cha pamoja bila kumwambia gharama ya kila kimoja, humpi uamuzi, unampa ndoto.

Kuna na jambo lingine ambalo husemwa kwa kunong'ona. Katika mitaa ya kupangisha, anayekaa kwenye kamati mara nyingi ni mwenye nyumba, na anayetumia choo ni mpangaji. Mwenye nyumba huenda hata haishi hapo. Ukimwambia ajenge choo cha kudumu atapiga hesabu ya vyumba viwili ambavyo angevijenga mahali hapo. Mpangaji naye anaogopa kusema, kwa kuwa akisema sana ataambiwa ahame, na choo kikijengwa kodi huenda ikapanda. Hofu zote mbili zina msingi. Kwa hiyo mpango wowote wa mtaa kama Matisi usiowaketisha wapangaji mahali pao wenyewe kwanza, bila mwenye nyumba, na wanawake mahali pao, kabla ya wote kukutana, utapata majibu ya adabu tu.

Aidha, tusiwafanye wakazi kuwa vibarua wa bure. Katika mtaa wa Orangi kule Karachi, Pakistan, kuanzia mwaka wa 1980, Akhtar Hameed Khan aliwasaidia watu kujenga mabomba ya majitaka ya vichochoro vyao kwa pesa zao wenyewe. Lakini mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi: ya ndani ya nyumba na ya kichochoro ni ya wenyeji, bomba kuu na mahali pa kusafishia majitaka ni la serikali. Mgawanyo huo unafaa kukumbukwa kila serikali inapowaambia watu wachangie. Mkazi anaweza kuhamisha choo chake. Hawezi kununua lori la kunyonya majitaka, wala kujenga bwawa la kuyasafishia.

Kwa upande wa sheria, mwananchi wa Matisi hana haja ya kuomba kwa magoti. Katiba ya mwaka wa 2010 inampa haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na haki ya usafi wa kiwango kinachofaa na ya maji safi katika kifungu cha 43. Kifungu cha 69 kinaiagiza serikali ihimize watu kushiriki katika kuyalinda mazingira. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inasema kushirikisha umma katika mipango ya kaunti ni lazima, na ile ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka wa 2011 inatambua mabaraza ya wakazi wa miji.

Kinachobaki ni kalenda, na hiyo ndiyo silaha ambayo wengi hatuishiki. Kila mwaka kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha hufuata kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Atakayeingia ukumbini mwezi wa Mei kudai mtaro amechelewa. Pesa zimekwisha kupata wenyewe.

Na hapa, kwa bahati, mvua za Kitale zinatenda jambo jema. Mpango hutayarishwa Julai na Agosti, miezi ambayo maji yamo vichochoroni, mashimo ya vyoo yamepanda, na kila kisima chenye ila kinajulikana. Ukimwalika bwana afya, diwani wa wadi na ofisa wa mipango watembee Matisi siku moja ya mwezi wa Agosti, hutahitaji maelezo mengi. Waambie tu waje na gambuti, nawe uwe na gunia la magunzi.